Waliofura Miasenyi

Pale Miasenyi, malori yanapopunguza mwendo kwa sababu ya matuta, kuna benchi limeegemea ukuta wa kinyozi. Wanaokaa hapo wanajulikana: Birika anayeuza kahawa, Breki aliyekuwa utingo, na Hansard, karani mstaafu wa baraza. Asubuhi hiyo Hansard alikuwa amekalia debe, maana benchi aliachiwa Wakesho, binti wa hapo kijijini, apate nafasi ya kuandika. Siku tatu nyuma ndovu waliingia mahindini. Mulei, aliyekuwa juu ya dungu akilinda kwa kupiga debe, alishuka kuwafukuza, akavunjwa mguu. Sasa yuko hospitali Voi. Wakesho ana digrii, kwa hiyo barua ya kwenda ofisi ya wanyamapori aliangushiwa yeye. Saa nne Kimeu wa bodaboda angeipeleka.

Akasoma kwa sauti ndogo: “Sisi wananchi tumefura.”

— Simama hapo, akasema Hansard. Kufura ni ya mtoto amenyimwa chapati. Ofisi itatucheka.

— Ati mtoto? akasema Breki. Bibi yangu alifura mwaka wa uchaguzi. Mpaka leo ananiwekea ugali akiangalia ukuta.

— Hizi vitu ziko na ngazi, akasema Birika akimimina. Ukikasirika, unakunywa maji inaisha. Ukifura, hata maji hutaki. Ukipanda mori, unatafutwa na polisi.

— Basi andika tumepanda mori, akasema Breki.

— Na stesheni utaenda wewe? akauliza Birika.

Breki akageukia barabara, akahesabu malori.

Wakesho alikata neno, akalirudisha, akalikata tena. Karatasi ya tatu. Alitafuta neno litakalomfanya mtu wa ofisini aweke kikombe chini, lakini hakulipata.

— Niweke “tumeudhika”?

— Hiyo ni ya Chawia, akasema Breki. Huko milimani hata hasira wanaivalisha sweta.

— Mimi ni wa Chawia, akasema Hansard.

— Si ndiyo nasema.

— Nyinyi hamjui, akasema Birika. Aliyefura ni yule ndovu aliyemvunja Mulei. Alifura tangu reli mpya ikatize njia yake. Hilo neno ni lake, sisi tunaazima.

— Basi barua iende kwake, akasema Hansard. Ofisi ipewe nakala.

— Wangekuwa na mashine ya kupima kufura, Miasenyi tungevunja mshale wake, akasema Breki.

Wakacheka. Wakesho alitazama saa. Ilikuwa nne kasorobo.

Mutindi, mke wa Mulei, alikuwa ameshuka kwa gari la kutoka hospitali. Akaja na kikapu chake, viatu vyekundu kwa vumbi. Breki akasogea kumpisha. Hakukaa.

— Pole, shemeji, akasema Hansard. Anaendeleaje?

— Wamemtia chuma mguuni.

— Usijione peke yako. Hapa wote tumefura. Tunaandika.

— Naona. Leo ni zamu yake kwa dungu. Nani atakaa?

Birika akalitikisa birika lake, akasema kahawa imeisha. Breki akajishika kiuno na kukunja uso. Hansard alimuuliza Wakesho kama barua itapigwa kopi. Orodha ya zamu za kulinda pia aliiandika Wakesho, kwa mwandiko safi, majina kumi na manne, yote ya wanaume, na aliyafahamu yote bila kuangalia. Wenye mawili kati yake walikuwa hapa.

Mutindi akamnyooshea Hansard mkono.

— Basi nipe debe la Mulei.

Hansard akainuka. Alikuwa amelikalia tangu saa mbili.