Nyumba ya Cleophas Masinde

Wasikilizaji wapendwa, poleni na kazi za kutwa. Leo tunamkumbuka fundi Cleophas Masinde, Mkenya kwa kuzaliwa, mtu wa Jinja kwa kazi.

Masinde alibuni majengo ya kufunguliwa. Narudia: majengo ya kufunguliwa. Nguzo za chuma, kuta za vipande, paa la mabati, vyote vimeshikwa na bolti. Shule ikihama, darasa linahama nayo. Halivunjwi tofali, haukatwi mti mwingine. Maporomoko ya udongo yalipozika shule moja milimani juu ya Mbale, Masinde alipakia madarasa kwenye lori, na wiki haikuisha watoto wakawa wanasoma.

Lakini mganga hajigangi. Kila jengo alilomaliza aliliazimisha kwa shule. Mkewe, Mama Eucabeth, amezeekea katika chumba cha kupanga.

"Aliniambia, linalofuata ni letu," anasema mama. "Likiisha, linaenda shule. Nikachoka kuuliza."

Mwezi uliopita Masinde alifariki. Kwa desturi ya ukoo wake, mwanamume hazikwi kabla mwili haujalala ndani ya nyumba yake. Kiwanja chake kule Mbale kilikuwa kitupu. Basi mafundi wake wakafungua darasa moja la shule ya Mpumudde, kule Jinja, wakalisimamisha Mbale siku hiyohiyo. Masinde akalala kwake, akazikwa kwa heshima. Watoto wa Mpumudde wakahamia chini ya turubai.

Sasa ukaja mtihani. Nyumba iliyolaza marehemu haiondolewi. Herbert, mdogo wa marehemu, alimwambia mama: "Shemeji, hii ni nyumba yako sasa. Ukiitoa hapa, ni kama umemtoa ndugu yangu."

Mama Eucabeth alikuwa amechoka, wapendwa. Amechoka kweli. Na kwa mara ya kwanza alikuwa na mlango wake mwenyewe. Alikaa humo mpaka matanga yakaanuliwa. Kisha mvua zikaanza, akawaza lile turubai. Asubuhi akaomba spana. Hakuna mwanamume wa ukoo aliyethubutu kumsaidia, akafungua bolti ya kwanza kwa mkono wake.

"Si kwamba nilipenda," anatuambia. "Nililia nikifungua. Hiyo nyumba nilikuwa naitaka."

Darasa limerudi Mpumudde. Herbert bado hasemi naye.

Tunawapa pole Mama Eucabeth, Herbert na ukoo mzima wa Masinde. Mungu ampumzishe fundi wetu. Nasi tutafakari: tukimsifu mtu kwa ukarimu, tumtazame na aliyesimama nyuma yake. Huenda kilichotolewa kilikuwa chake.