Kula ni Lazima

Sikukusudia kusikiliza, ila viti vya daraja la tatu vinatazamana. Treni ilikuwa imetoka Tabora, na kijana aliyekaa mbele yangu alikuwa akimweleza mama wa dirishani, ambaye hata hakumjua, jinsi alivyoaibika kwenye mashindano ya chesi.

"Mama, mafumbo ya chesi nimeyafanyia mazoezi kwenye simu kila siku. Kwetu Kigwa hakuna wa kunigusa." Mama akauliza, "Sasa ikawaje?" "Mpinzani aliniachia malkia wake bure, nikamla." "Si ndiyo vizuri?" "Ulikuwa mtego. Na niliuona!" Akashusha sauti, nami nikasogea. "Ila mimi nimekulia kwenye drafti. Kule ukiachiwa kete, kula ni lazima. Mkono ukala wenyewe. Mdomo nao ukasema kwa sauti, 'Samahani, kula ni lazima.' Ukumbi mzima ukacheka, hadi mwamuzi, nami nikafungwa."

Mama hakucheka. Mimi nilitazama nje. "Basi kosa ni la drafti," akasema mama. "Hapana, ni la mafumbo. Nayo kila siku yananifundisha kula tu." "Mwanangu, simu ilikushika mkono?"

Walibishana hadi treni ikasimama Kigwa. Vijana wa kwaya ya Moraviani walikuwa wamejipanga chini, wakiimba na kupiga vigelegele: "Ezekia! Bingwa wetu Ezekia!"

Kijana akainama haraka, kama anayefunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili.