Mwalimu Dama na Siku Tatu za Hema

Ndugu, jamaa, majirani wa Mjambere na walimu mliofika, tulieni tumuage Mwalimu Dama Ngowa kwa mara ya mwisho, yeye aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Kaloleni, binti wa tatu wa mzee Ngowa na mama Nyevu, akaanza darasa la kwanza mwaka 1973, akamaliza kidato cha nne mwaka 1983, akahitimu ualimu mwaka 1987 na kupangiwa Chaani, kisha mwaka 1999 akahamia huku Kisauni, akifundisha Kiswahili na kuwakatiza watu maneno njiani wakikosea ngeli, wakubwa kwa wadogo. Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na Changawa Kombe, fundi makanika, wakajaliwa watoto wawili, Eddah na Matthew.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 17 Juni 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, Mwalimu alikuwa barazani akichambua mchicha, kisu kikamponyoka, mdomo ukaenda upande, akajaribu kumwita Eddah na sauti ikatoka kama ya mtu aliyejaza maji kinywani. Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini. Jirani yetu Badi alimkimbiza kwa tuktuk yake, na kabla ya saa tatu u nusu walikuwa kwenye mlango wa hospitali ambayo leo hatuitaji, maana haistahili kukaa sentensi moja na jina lake. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kichwani hufaa ikitolewa ndani ya saa nne na nusu tangu kiharusi kuanza, basi muda ulikuwapo, tena tele.

"Mama, unakohoa?" akauliza afisa wa mlangoni, amesimama mbali kama aliyeona chui.

"Hawezi kusema, ndiyo maana tumemleta," akajibu Eddah. "Tafadhali, ni kiharusi."

"Ajibu mwenyewe. Fomu ni ya mgonjwa."

Mwalimu alisikia kila neno, jibu alikuwa nalo, ulimi ndio uliokataa. Bwana yule akaandika "hataki kushirikiana," akaamuru apelekwe kwenye hema la washukiwa wa korona, na humo alilazwa siku tatu, upande wa kulia ukizidi kufa, asipigwe hata picha ya kichwa, kila apitaye akisema majibu ya korona yangojewe. Jumamosi majibu yakatoka, hana korona, ndipo akaja mkubwa wao na kutuambia kwa upole kwamba tumechelewa, kana kwamba sisi ndio tuliolala.

Alirudi nyumbani na neno moja tu, "la." Nadira, mtaalamu wa mazoezi, alimfunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na sentensi yake ya kwanza, Januari 2021, ilikuwa "Nilisikia yote." Mwaka uliofuata hospitali ikaleta barua ya kusikitikia "changamoto zilizojitokeza," Mwalimu akaomba kalamu nyekundu, akapigia mstari makosa saba, akawapa tatu kwa kumi, na chini akaandika: "Rudieni. Semeni mlifanya nini." Hadi leo hawajarudia.

Tarehe 9 Februari 2025 kiharusi cha pili kilimpata, daktari Tumu wa zahanati ya jirani akampokea papo hapo bila kumwuliza fomu, akapigania uhai wake hadi adhuhuri, Mwalimu akatutoka akiwa na miaka hamsini na minane, mkono wake mkononi mwa mumewe.

Familia inamshukuru daktari Tumu, inamshukuru Nadira aliyekuja miaka minne bila kuchoka, Badi na majirani waliombeba, na walimu wenzake waliokuja kumsomea magazeti kila Ijumaa. Nanyi mliotumwa na hospitali ile, tumewaona mmekaa safu ya mbele, shada lenu tumelitoa nje ya ua, mkiondoka mlichukue.

Lala kwa amani, Mwalimu Dama.