Muhuri wa Mizani Haumo Katika Urithi

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kitinda mimba funga huo mlango wa chumba cha kukaushia, maana harufu ya sabuni inanikaba leo, mimi niliyeinusa miaka thelathini nikaiita riziki. Msinikatize. Pumzi iliyobaki ni ndogo.

Najua mna haraka. Kifungua mimba amekwisha kupata jengo la karakana ya pili, na ya tatu anaiota mchana. Mtasema baba ameanza na haraka haraka yake isiyo na baraka. Sikatai mkue. Nataka mjue kwanza tulikuaje, na nani aliumia.

Watu husema karakana hii niliijenga mimi. Uongo. Aliyeijenga ni shangazi yenu, yule niliyewakataza kumtaja. Tulianza na sufuria moja katika ua wa kupanga, mimi na mdomo wangu wa kuuza, yeye na mkono wake wa kupima. Hakukisia kitu: mafuta alipima, maji alipima, ile kostiki inayochoma akaipima mara mbili, hata wafanyakazi wakamwita Bi Mizani. Kila mchanganyaji mpya alikaa naye miezi mitatu kabla ya kushika mwiko peke yake, na kila kipande kililala rafuni wiki nne kikiiva. Ndiyo maana aliyenunua leo alikuta sabuni ileile mwaka ujao, akarudi na jirani yake. Tulikua hivyo, mteja kwa mteja. Nami nikachongesha muhuri wa picha ya mizani, nikaupiga kwenye kila kipande, nikajivuna nao.

Ndipo hoteli ikaleta oda mara kumi ya uwezo wetu. Shangazi yenu akaniambia, "Kaka, tuwape kidogo kidogo, tufundishe watu kwanza." Nikamcheka, nikamwita mwoga. Nikaokota vibarua, nikawaacha wakisie, na siku ya tisa nikatoa sabuni rafuni ikiwa bado mbichi. Wafuaji wa hoteli wakachunika mikono. Mama mmoja alikuja hapa mlangoni, vidole vimefungwa vitambaa, akaviinua mbele ya macho yangu.

Niliogopa, wanangu. Nikageuka mbele ya wafanyakazi wote nikamnyooshea kidole dada yangu, tumbo moja, nikasema, "Huyu ndiye aliyekosea vipimo." Alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya mizani, akaondoka. Miaka kumi na moja sasa. Nimejenga nyumba hii na kuwasomesha ninyi kwa picha ya mtu niliyemfukuza, na kila kipande nilichokishika kilinisuta.

Sasa shikeni ninayowaambia. Nyumba na karakana ni zenu. Gawaneni bila kelele. Muhuri haumo. Muhuri ni wa shangazi yenu, mpelekeeni mkononi, na akikataa msiupige tena, uzeni sabuni tupu mpaka watu wawaamini kwa jina lenu wenyewe. Kabla ya kufungua hiyo karakana ya pili, kusanyeni wafanyakazi, na wale wa zamani mtakaowapata, na wewe kifungua mimba useme kwa sauti kwamba baba yako alisema uongo. Niliutamka hadharani, haufutiki chumbani. Nilikuwa na miguu mizima miaka yote hiyo, sikwenda. Nawaachia aibu yangu muibebe. Nisameheni kwa hilo.

Na akiwapo mtu kazini anayewaambia "bado", msimfukuze. Mkalisheni karibu.

Niinueni kidogo... hivyo. Mungu awape subira, awape mikono safi, msigombane mkanisahau vibaya. Chini ya mto... vuta, mwanangu, taratibu. Ndiyo hiyo aproni. Nimeifua mwenyewe kila mwaka. Mpelekeeni pamoja na muhuri. Msimwombe arudi, msimwambie nilikuwa mgonjwa. Mwambieni tu... vipimo vyake vilikuwa sawa.