Vioo vya Chumvi Nilivyoviosha kwa Maji

Amani iwe kwenu, wazee wangu, mama zangu na vijana wetu. Mchungaji aliponiomba nisimame leo nilitaka kukataa, maana jambo lenyewe ni la miaka ya arobaini na wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Lakini kila nikilikumbuka, nasikia harufu ya spiriti na mafuta ya parafini katika kile chumba cha mabati huko Changamwe.

Nilikuwa nimeoa karibuni, tumepanga Chaani. Kila asubuhi nilikwenda kwa miguu kazini kwa mzungu mmoja, mtaalamu wa mawe. Sitamtaja jina, wala mwengine yeyote. Alichunguza udongo na mawe ya pwani yetu, kujua yana maji kiasi gani ndani yake. Msicheke! Jiwe kavu laweza kuwa na maji. Chukua jasi, lile jiwe jeupe laini, uipashe moto ndani ya bomba la kioo, mara waona matone yametanda juu. Nilishangaa kila siku kama mtoto.

Tena alikuwa na mtambo wa infraredi, yaani nuru ya joto isiyoonekana kwa macho. Jiwe lilisagwa, likachanganywa na parafini, likapakwa katikati ya vipande viwili vinavyong'aa kama vioo. Nuru ikipita hapo, maji yaliyomo kwenye jiwe huinyonya sehemu yake, na mshale wa kipimo hushuka. Mimi nilikuwa msagaji tu. Mtambo na vile vipande vilikuwa chini ya mwenzangu, mtu mzima kutoka Taita, naye ndiye aliyeshika ufunguo wa sanduku la kuvihifadhia, lenye taa ndogo ndani ya kuvikausha. Adhuhuri tulikula mihogo pamoja, tumekaa juu ya magunia ya mawe, yeye akinisimulia milima ya kwao, mimi nikimfanyia masihara. Zilikuwa siku tamu, jamani. Laiti ningejua.

Tamaa ikaniingia. Nilitaka bwana aone kwamba nami naweza. Jioni moja mwenzangu aliwahi kuondoka, mwanawe alikuwa na homa. Akanipa ufunguo.

"Funga tu, usiguse kitu."

"Haya, kaka."

Nikaona vile vipande vina mafuta. Nikasema moyoni, kesho bwana atavikuta vinameta. Nikachukua sabuni na maji, nikavisugua.

Ndugu zangu, nawaambia, havikuwa vioo. Vilikuwa chumvi! Chumvi ya mawe iliyochongwa na kung'arishwa, kwa sababu kioo huizuia nuru ile, chumvi huipitisha. Vikaniteleza mikononi, vikafifia mbele yangu kama jicho linaloingia ukungu. Nikavipangusa, nikavirudisha sandukuni, nikafunga.

Asubuhi bwana akafungua. Akavitazama kitambo, kisha akauliza ni nani. Mwenzangu akanigeukia.

"Uligusa?"

"Sikugusa, kaka. Nilifunga tu."

Nilisema hivyo nikimtazama usoni. Bwana akamwambia, "Mwongo wewe, ufunguo ulikuwa wako," akamfukuza siku ile ile. Vipande vingine vilipofika kwa meli, ufunguo nikapewa mimi.

Sikuona raha yake. Nikitoka kazini, moja kwa moja mangweni, kunywa mnazi mpaka nipotee njia ya nyumbani. Mke wangu akaniuliza, "Kazi imekuwa kubwa, mbona wewe umezidi kuwa mdogo?" Nikamfokea.

Masika yalipokaribia tulivuka Likoni kuwaona wakwe zangu. Kando ya barabara nikamwona mwenzangu, amekaa penye lundo la mawe akivunja kokoto kwa nyundo, nywele zimejaa vumbi. Nikamwacha mke wangu atangulie.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Habari za huko? Taa ya sandukuni mwaiwasha? Mvua zaja, na unyevu huila chumvi ile. Usiiache ikazimika."

Mtu amefukuzwa kwa uongo wangu, naye auliza hali ya vile vipande kama aulizaye wanawe! Nikakaa juu ya kokoto.

"Kaka, ni mimi. Niliviosha kwa maji."

Akaweka nyundo chini.

"Mke wangu na watoto nimewarudisha Taita," akasema. "Hapa sikuwa na cha kuwalisha. Wajua hilo?"

"Nalijua sasa."

"Basi usinililie mimi. Simama, ukaseme kwa yule aniitaye mwongo."

Tukavuka kivuko, tukakata kisiwa chote kwa miguu hadi Changamwe. Nilipoungama, bwana alinionyesha mlango, na ufunguo akamrudishia mwenyewe.

Nikaenda mimi kuvunja kokoto, pale pale. Viganja vilipasuka. Mke wangu alisuka makuti tukapata chakula, na mnazi nikauacha, japo si kwa siku moja. Nilirudi nyuma mara mbili, nisiwadanganye. Miezi saba ikapita. Siku moja nikaona kivuli kimesimama juu yangu.

"Bwana ataka msagaji," mwenzangu akasema. "Nimekutaja wewe."

"Baada ya yote yale, kaka?"

"Wasaga vizuri. Na sasa najua ukikosea utasema."

Alinifundisha hata kuing'arisha chumvi, kwa spiriti na ngozi laini. Tuliinamia kipande kimoja, tumezuia pumzi ili mvuke wa kinywa usikiharibu, kisha tukiinuka tunahema pamoja na kucheka. Nazikumbuka sana zile siku.

Namshukuru yeye, aliyelala sasa katika milima yao. Namshukuru marehemu mke wangu. Na nawashukuru mama wa kanisa hili waliotuletea unga nilipokuwa mlevi, wala hawakuniuliza kitu.

Kosa la kuosha lilikuwa la ujinga. Lingeisha kwa karipio. Neno "sikugusa" ndilo lililoivunja nyumba ya mtu. Kama yupo hapa ambaye lawama yake yabebwa na mwenzake, asingoje tumalize ibada. Inuka sasa hivi, uende kwake. Sisi tutaimba, wala hatutageuka kutazama ni nani aliyetoka.