Motokaa Isiyokauka

Siku ile kijiweni walikuwepo Mzee Daimu mwenye kahawa, aliyeitwa Kikombe cha Pili kwa sababu hakuna aliyewahi kuondoka kwake na kimoja. Sefu wa Namasakata, jina lake la mtaa Reli, maana alibeba mataruma ya reli kule Morogoro miezi minne na kuisimulia miaka minne. Pankrasi Kengele, aliyepiga kengele ya misheni mpaka Jumapili moja alipopitiwa na usingizi, watu wakaenda shamba. Thadeo, mlinzi wa motokaa ya Bwana, Mjerumani mmoja. Na Natalia mkewe, aliyekuja na mihogo ya kuchemsha na mtoto Imaculata mgongoni. Kijiwe chenyewe kilikuwa ubao mrefu wa sanduku, uliobaki pale wapagazi walipoileta motokaa vipande vipande kutoka Lindi, ikiwa imekwisha kuzeeka mikononi mwa mwenyewe wa kwanza. Ubao uliegeshwa ukutani kwa Mzee Daimu, na hatua kumi mbele yake, katika banda la nyasi, ilikaa motokaa yenyewe. Chini ya tumbo lake udongo ulikuwa mweusi, unang'aa. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimepita miaka sita. Songea ilikuwa imeanza kucheka tena, ila kwa sauti ndogo, na kule bomani kiboko kilikuwa hakijapumzika.

Natalia alipiga goti kidogo, akaweka ungo chini.

— Shikamoo, baba Daimu.

— Marahaba, mwanangu. Kaa. Kikombe hiki hapa, hiki hakijapasuka mdomo.

Natalia aliona kwamba mzee mwenyewe alibaki na kile kilichopasuka. Sefu naye alijisogeza mwisho wa ubao, akakaa juani, ili kivuli kimfikie mtoto.

— Zimebaki siku tatu, — alisema Thadeo. Muhogo aliushika tu, hakuula.

Siku tatu ndizo zilizobaki Bwana arudi. Alikwenda Lusewa kwa miguu kununua utomvu wa mpira, kwa kuwa njia ya motokaa ilikuwa haijafika huko wala kwingineko. Kabla ya kuondoka aliligonga tumbo la motokaa kwa fimbo, akamwambia Thadeo kwamba mafuta ya kulainisha mashine yaliyomo yasikauke. Akikuta yamekauka, watakwenda wote wawili bomani, na Thadeo atalala kifudifudi kwa hamsa ishirini. Viboko ishirini na tano. Debe la mafuta alilifungia stoo, na ufunguo akaondoka nao. Kesho yake tu, motokaa ikaanza kudondosha.

Natalia aliutazama mgongo wa mumewe. Ndio mgongo ambao Imaculata aliupenda kuliko mkeka.

— Leo imetoa kiasi gani? — aliuliza Pankrasi.

— Kibaba kizima. Na jana kibaba. Zile siku mbili za mwanzo tu yalikuwa matone, unayahesabu kama punje.

— Mimi nimekwambieni tangu juzi, — alidakia Sefu. — Lile ni jasho la uvivu. Mashine isipotembea hutoka jasho. Kule relini...

— Haya, tumefika Morogoro! — alisema Pankrasi.

— Kule relini, bwana Kengele, chuma hakilazwi. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hii ina miezi minane, imepewa jembe gani?

— Ukiipa jembe ndiyo itakauka?

— Itachangamka!

— Wewe Reli, ulibeba mataruma tu, garimoshi lenyewe uliliona mgongo likiondoka. Nisikilizeni. Kitu kile kinalia. Kimetoka kwao Ulaya, hakina ndugu hapa, hata punda wa kufanana naye hakina. Mkataa kwao mtumwa.

— Kwani kilikataa kwao? Si kililetwa kwa lazima?

— Ndiyo maana kinalia!

Thadeo alicheka kidogo, na Natalia akashukuru moyoni. Tangu wiki iliyopita mumewe hakuwa amecheka.

Mzee Daimu alimimina kikombe cha pili kwa kila mmoja bila kuulizwa.

— Ninyi watoto, — alisema, — mnasahau ilikuja vipi. Iliingia hapa juu ya vichwa vya watu thelathini. Mimi niliwapa kahawa. Walikuwa wanatiririka mpaka vyuma vimelowa. Sasa jasho la mtu likishaingia katika kitu, litakwenda wapi? Ni lazima litoke. Tena jasho ni zito kuliko maji.

Neno lile la mwisho lilipotoka, wote walinyamaza. Palikuwa na askari akipita kuelekea bomani, na kila mmoja pale ubaoni alikuwa na mtu wake aliyeyaamini maji asirudi. Natalia alikuwa na baba. Mzee Daimu alimgusa begani, mguso mdogo tu, kama anayeondoa jani.

— Nimekosea, mwanangu. Tuseme mafuta.

— Tuseme mafuta, baba.

Sefu hakuwa mtu wa kuuacha ukimya ukae.

— Sikutaka kuwaambia, lakini itabidi. Ile motokaa ina mimba.

— Astaghafirullah! — alisema Mzee Daimu.

— Tumbo si limeshuka? Utelezi si umeanza kutoka? Wiki hii, bismillahi, inazaa.

— Inazaa nini?

— Baiskeli. Kwani ninyi mlidhani baiskeli zinatoka wapi?

Pankrasi alipaliwa na kahawa. Hata Thadeo aliinama akashika magoti kwa kicheko. Halafu kicheko kilimwisha ghafla, akafuta macho, akasema polepole:

— Jamani, mimi nitapigwa.

Mzee Daimu aliushika mpini wa birika bila kumimina. Pankrasi akasema, haba na haba hujaza kibaba, kisha akaona haikufaa, akatazama chini.

Wakati huo Natalia alihisi ubaridi kifuani. Imaculata alikuwa amelala tangu asubuhi, hajanyonya, na maziwa yalikuwa yametoka yenyewe na kulowesha kaniki. Alimshusha mtoto mgongoni, akampakata na kumnyonyesha. Alipokuwa akimtazama anavyomeza, wazo lilimjia. Titi halikuwa na kidonda wala ufa. Lilimwagika kwa kuwa limejaa.

— Shemeji Sefu, — alisema, — kibaba kila siku, si ndiyo?

— Kibaba, shemeji.

— Na tumbo lake linachukua vibaba vingapi?

— Kwa macho yangu, vitano. Sita.

— Siku kumi na mbili zimepita. Basi mnieleze kitu kimoja tu. Mbona hayaishi? Nani anayaongeza?

Sefu aliinama kutazama kidole chake cha mguu. Pankrasi aliitia mikono kwapani, lakini Natalia alikwisha kusikia harufu ya ufuta viganjani mwake. Mzee Daimu alianza kupanga vikombe vilivyokuwa vimepangwa.

Alipomgeukia mumewe, akakumbuka kibuyu cha mafuta ya mbarika ya kumpaka mtoto. Kilikuwa kimepungua, naye alidhani ni panya.

— Baba Imaculata?

— Kidogo tu, — alisema Thadeo. — Kila asubuhi. Niliogopa itakauka.

— Na mimi, — alisema Pankrasi. — Ufuta wa mama. Mchana, ukienda kula.

— Mbarika, — alisema Sefu. — Alasiri. Nilikuwa nakutuma tumbaku, unakumbuka?

Wote walimtazama Mzee Daimu.

— Mimi huamka alfajiri kuswali, — alisema mzee. — Nikipita pale naona inavuja, na ninyi mmelala. Ningefanyaje?

Thadeo aliwatazama mmoja mmoja. Kisha aliingia bandani mbio. Kijiti cha kupimia kilining'inia palepale Bwana alipokiacha, kikiwa na mkwaruzo wa kuonyesha mafuta yafike wapi. Hakuna aliyekuwa amekigusa; wote waliitazama ardhi, hakuna aliyetazama ndani. Thadeo alikichovya, akakiinua juu. Mafuta yalikuwa yamepita mkwaruzo kwa vidole vinne.

Sefu alijua skrubu ya chini, na safari hii hakuna aliyemcheka kwa Morogoro yake. Waliyakinga mafuta yote ya ziada katika chungu, wakalifuta tumbo kwa majani ya mgomba, wakalipaka jivu ili tone lolote jipya lionekane linapoanzia, wakabadilisha udongo. Kesho yake jivu lilikuwa na matone matatu, machozi tu ya uzee.

Bwana alirudi siku ya tatu. Alikichovya kijiti, akatazama mkwaruzo, akaingia ndani kuvua viatu. Siku alipoiwasha motokaa mtaa wote ulinukia ufuta wa kukaanga, naye akauliza nani anapika. Hakuna aliyejua.

Jumapili, Natalia alikuta kibuyu cha mtoto kimejaa mbarika safi mpaka shingoni. Hakuuliza nani ameongeza.