Tanuri Walilonikataza Kuwasha

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Sauti hiyo ni ndogo. Wale wote mliowahi kupanda juu ya matofali yangu na miguu yenye tope, Bwana asifiwe! Haya, sasa nimesikia.

Mchungaji ameniomba nishuhudie kwa ufupi. Nitajitahidi, lakini mnanijua mimi Mama Edina, na mliponiita mbele mlijua mnamwita nani. Wengine mtainamisha vichwa nikifika katikati. Msiiname. Sikuja kumwaibisha mtu, nimekuja kumtukuza Mungu, na siwezi kumtukuza kwa kuficha alichonitoa.

Ndugu zangu, mimi ni mjane. Mume wangu alibeba mizigo stesheni pale Kigoma mpaka kifua kikamchukua. Nikarudi huku bonde la Luiche, kwenye kiwanja cha baba yangu, na watoto, na nyumba ya fito ambayo kila masika ilikuwa inapungua ukuta. Nikasema sitaomba mtu anijengee. Nikajifunza kufyatua matofali. Watu walicheka, mwanamke kukanyaga udongo! Nikakanyaga.

Ndipo akaja Serafina. Mnakumbuka miaka ile, watu wa Burundi walikuwa wakiingia kwa miguu kutoka milimani, wengine kwa boti za ziwani, na kila njia ilikuwa na godoro linatembea juu ya kichwa cha mtu. Alinikuta mtoni, mtoto mgongoni, mkononi sufuria tupu. Hakuniomba chakula. Alitazama udongo niliokuwa nimeuchimba, akaufinya kwa vidole, akasema kwa Kirundi chake kwamba una mchanga mwingi, tofali litapasuka. Mimi Muha, yeye Mrundi, tulielewana bila mkalimani. Nikamwambia, "Kama unajua sana, ingia shimoni." Akamfunga mtoto vizuri, akaingia.

Alikuwa njiani kwenda kuandikishwa kambini. Mtoto akashikwa na homa, akakaa kwangu. Mtoto akapona, na msimu wa matofali ukawa umefika, akabaki. Sikumficha. Alikuja hapa kanisani nami, akakaa kwenye mkeka wetu, akaimba. Mlimpenda sana mwanzoni! Mlisema ana sauti nzuri.

Kisha mvua ikakataa kuja.

Oktoba ikapita tunatazama juu. Novemba mahindi yakachomoza na kukunja majani. Mpunga haukupandwa kabisa, mashamba yakapasuka mpaka mguu wa mtoto ukaweza kuingia ufa. Tulifunga, tukaomba, tukakesha. Na watu wenye njaa, ndugu zangu, hawakai bila kumtafuta mtu wa kumtupia lawama.

Huku bondeni kila mtu anajua kwamba mchoma matofali hapendi mvua. Hilo ni kweli! Tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa tope. Lakini kutoka hapo watu wanaruka mbali. Wanasema kwa kuwa haipendi, basi anaifunga. Wanasema anafukia chungu kilichofunikwa chini ya tanuri, na akiwasha moto, moshi unasukuma mawingu yaende kwa wengine. Mnajua kwamba hayo yalisemwa. Yalisemwa kisimani, yakasemwa kwenye mashine ya kusaga, na yalisemwa hapa hapa, kwenye mikeka ya kanisa, baada ya kusema amina.

Wakati ule tanuri langu lilikuwa limeshapangwa. Nilikuwa nimelipanga juu ya kichuguu kile kikubwa kati ya mto na mashamba, kwa sababu Serafina alisema kwao hawapangi tanuri mahali pa chini. Lilikuwa refu kuliko nyumba yangu. Tulikuwa tumelikandika udongo nje, tumejaza kuni kwenye midomo yake, lilisubiri kiberiti tu.

Akaja balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kasiano. Yuko pale, amevaa koti. Shikamoo, Mzee! Alikuja na mzee mmoja wa kanisa na majirani. Akaniambia kwa upole, maana ni mtu mpole, "Mama Edina, usiwashe. Subiri kwanza mvua inyeshe."

Nikamwuliza, "Mvua ikinyesha juu ya matofali mabichi, nitachoma nini? Uji?"

Akasema, "Watu wana hasira, mama. Moshi wako utawaletea kitu kibaya."

Mzee wa kanisa akaongeza kwamba imani pia ni kumtii mkubwa. Nikamtazama. Nikamwambia mzee, mimi nimesoma kidogo, lakini sijaona mahali Mungu anapozuiwa na moshi. Kama moshi wa kuni zangu unamshinda, basi tumekuwa tukimwomba nani?

Wakaondoka. Nikaingia ndani, nikapiga magoti. Sikuomba kwa sauti tamu, niseme ukweli. Nilimwambia Mungu, "Wewe unajua chini ya tanuri hakuna kitu. Nikitii, nimekubali kwamba kuna kitu. Sitakubali!" Nikatoka. Serafina alikuwa amesimama na kijinga cha moto kutoka jikoni, amekishika kwa mikono miwili. Akaniambia, "Mama, tusipowasha, watasema walikuwa na haki. Tukiwasha, watanifukuza." Nikamwambia alete.

Tukawasha mchana kweupe, ndugu zangu! Moshi ukapanda mweupe, kila mtu akauona kuanzia mtoni mpaka barabarani. Tulikaa pale zamu kwa zamu mpaka moto ukafika juu kabisa, tukaziba midomo, tukaacha lipoe.

Na mvua ikanyesha. Kalinzi! Juu kule milimani tuliona wingu jeusi limekaa kama chungu jikoni, tuliona radi, siku baada ya siku, na huku kwetu halikuanguka tone. Mnafikiri watu walisema nini? Walisema, oneni, mvua ilikuwa inakuja, moshi wa yule mwanamke umeisukuma Kalinzi! Wanakwaya wenzangu wakahama mkeka wetu. Mama Yunisi, usicheke, wewe ulikuwa wa kwanza kuhama. Mtu akamwaga majivu mlangoni kwangu. Serafina akienda kisimani, ndoo zote zinaondolewa mpaka amalize.

Kisha Mzee Kasiano akarudi, safari hii akiwa peke yake, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana alikuja kunisaidia. Akaniambia, "Mama Edina, wewe ni mtoto wa hapa. Hakuna anayetaka kukuumiza. Sema tu ni yule Mrundi aliyefukia chungu. Mgambo watakuja Jumapili baada ya ibada, watamchukua, mambo yatakwisha. Matofali yako yatabaki yako."

Ndugu zangu, shetani haji na pembe. Alikuja na koti, ana uso wa jirani aliyebeba jeneza la mume wangu. Neno moja tu, na nyumba yangu ingejengwa, na watoto wangu wangesalimiwa njiani. Serafina alikuwa uani ananyonyesha. Alisikia yote. Aliacha kumtikisa mtoto, basi, akangoja nitakachosema.

Nikasema, "Chungu kipo, Mzee."

Akashtuka.

"Kipo jikoni, na ndani yake kuna mboga ya mchana. Karibu ule, kisha uende ukawaambie kwamba chini ya tanuri hakuna chungu kingine. Na huyu hatoki. Wakija kumchukua watatukuta juu ya matofali, na watubebe wote wawili."

Hakula. Aliondoka ameshika kofia yake mkononi. Serafina akalia, akaniambia kwamba angeondoka mwenyewe ili watoto wangu wapate amani. Nilimkemea mpaka leo naona haya. Nilimwambia amani ya namna hiyo wakaile wenyewe.

Jumapili ikafika. Hatukuja kanisani. Tulichukua watoto, mkeka na sufuria ya viazi, tukapanda juu ya tanuri tukakaa, kila mtu aone. Wimbo wenu wa kufungua ibada niliusikia kutoka kule. Nikauimba na mimi, kwa nguvu, kwa hasira, kwa kukosea maneno. Kwetu jua lilikuwa linawaka.

Mgambo walikuwa wawili, na Mzee Kasiano mbele yao, na nyuma yao ninyi mliotoka kanisani kuja kutazama. Mlikuwa wengi. Walifika chini ya kichuguu, mgambo mmoja akaanza kusema, na Serafina akainua mkono. Alikuwa anatazama nyuma yao, kule mto unakotokea. Akapiga kelele akimwita Mungu wake, "Mana yanje! Amazi!"

Maji. Mvua yote ile ya milimani mliyosema tumeifukuza ilikuwa imejikusanya na sasa inashuka. Hayakuja kama mto. Yalikuja kama bonde lote limeamka, ya rangi ya kahawa, yamebeba migomba na milango na mbuzi wa watu. Na sisi huku, sote, tulikuwa tumetazama juu kutafuta mvua.

Barabara ilikuwa mbali. Hapakuwa na mahali pengine pa kukimbilia. Tukaanza kuwavuta. Serafina alifungua mbeleko yake, akamkabidhi binti yangu Edina mtoto, akaishusha mbeleko kwa mkono mmoja na kwa mwingine akanishika mimi. "Fata! Fata!" yaani shika, shika, na mkashika! Mzee wa kanisa alishika. Mama Yunisi alishika, tena na mguu wangu alishika. Mgambo walipanda na virungu vyao. Hakuna aliyeuliza chini ya tanuri kuna nini. Hakuna aliyemwuliza Serafina anatoka wapi.

Mzee Kasiano alibaki wa mwisho, kwa sababu alikuwa anawasukuma wengine. Hilo pia lisemwe, ni haki yake. Maji yalikuwa yamefika kifuani mwake. Serafina akalala kifudifudi, akamnyooshea mkono. Na yule mzee akasita! Namkumbuka alivyosita, anautazama ule mkono, anatafuta macho yangu. Nikamwambia, "Mzee, au tumwite aliyeandikishwa kambini?" Akaushika.

Tulikaa pale juu mpaka kesho yake, tumebanana, watoto katikati, maji yanapiga kichuguu. Nilisikia watu wakisema, litabomoka, litabomoka. Nikawaambia hapana. Hili limechomwa. Lingekuwa bichi, lingekuwa limeshayeyuka chini ya miguu yenu, na nyote mngekuwa ziwani. Ndipo mtu mmoja, simtaji, akaanza kulia kwa sauti, kisha wengine.

Asubuhi mitumbwi ikaja kutoka Ujiji. Ndugu zetu Waislamu wa mjini walikuja na mikate na chai ya moto, wakatushusha, hawakuuliza dini ya mtu. Mungu awabariki mpaka leo.

Hatukupona sote. Bibi Anjelina alikuwa mgonjwa kitandani, na maji yalimkuta kabla ya mtu kumfikia. Nimemwuliza Mungu juu yake mara nyingi. Hajanijibu. Naendelea kumwuliza, na naendelea kumwamini, na anayeona mambo hayo mawili hayakai pamoja aje tuongee baada ya ibada.

Kanisa letu la udongo liliondoka na maji, na nyumba yangu pia. Nikasema matofali yajenge kwanza hapa, nyumba yangu itasubiri tanuri la pili. Serafina ndiye aliyechagua udongo wa hilo la pili, nalo mlikuja wote kulifyatua, na mimi niliwasimamia bila huruma. Karatasi zake alizipata baadaye, na aliyesimama kumdhamini ni Mzee Kasiano. Sasa nyamazeni kidogo. Mnasikia juu ya bati? Inanyesha. Mmekaa ndani ya moto wangu, ule uliofukuza mvua, na mvua inanyesha.

Wewe unayeambiwa leo kwamba balaa la watu wote ni lako, usikubali! Piga magoti mbele za Mungu tu, kisha simama uwashe moto wako. Yeye anajua kilichopo chini. Mtegemee. Nilimtegemea nikiwa na hasira na uso wenye masizi, na hakunikataa. Asante Yesu! Asante!

Nimalize, mchungaji ananitazama. Kuna dada mmoja nimemwona tangu nilipoanza kusema. Amesimama mlangoni, ana mtoto na fuko, naona ametoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, wiki hizi wanakuja wengi. Watu wa mlangoni mmemwacha pale, na mvua inamnyeshea. Na tayari nimesikia kisimani inasemwa kwamba kipindupindu kimekuja na wao.

Serafina, mpishe nafasi kwenye mkeka wetu. Dada, ingia. Hizi kuta zimechomwa.